Sura ya Mwisho Hubaki Chanji

Watu wakishajua kwamba naandika riwaya za upelelezi, hawakawii kuniuliza ninasoma nini nikiwa safarini. Hakuna anayemwuliza mchinja ng'ombe anakula nini akiwa likizo, lakini mimi lazima niulizwe. Huwa najibu lolote linalonijia mdomoni. Niliwahi kumwambia mtangazaji mmoja wa redio kwamba nasoma maisha ya watakatifu. Akanisifu hewani, na kabla kipindi hakijaisha mama yangu alikuwa ameshanipigia simu kutaka kujua ni mtakatifu gani.

Ukweli ni kwamba nasoma riwaya za upelelezi za wenzangu, na kabla sijatoka nyumbani huwa nazikata sura ya mwisho. Nakifungua kitabu juu ya meza mpaka mgongo wake ulale, napitisha wembe taratibu, na zile kurasa naziweka kwenye debe la bati lililo chini ya kitanda changu, hapa Chanji, Sumbawanga. Kilichobaki ndicho ninachosafiri nacho. Njiani nasoma mpaka pale karatasi zinapoishia, halafu nafunga kitabu na kuanza kumtafuta muuaji mwenyewe, kwa yale tu niliyopewa. Nikirudi nyumbani natoa kurasa debeni nalinganisha. Mwandishi akinishinda namheshimu, na namchukia wiki nzima. Nikimshinda mimi, namdharau, na kitabu chake nakigawa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, na sioni aibu. Wanaoona tabu ni abiria wenzangu. Kuna mwanaume aliyeniomba nimwazime kitabu apitishe muda, tukitoka Mbeya. Alisoma kwa bidii, midomo ikicheza, na alipofika mwisho akageuza ukurasa wa mwisho, akatazama nyuma ya jalada, akatazama chini ya kiti, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia nyumbani kwangu kuna panya. Wapo pia wale ambao, wakisikia natokea Sumbawanga, huvuta kiwiko chao karibu na mbavu zao na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli huko mtu anaweza kutumiwa radi. Hao nawajibu kwamba ni kweli kabisa, halafu nawauliza majina yao kamili. Baada ya hapo nasoma kwa amani mpaka tunafika.

Mtu mmoja tu sikutaka ajue habari za wembe wangu, naye ni baba yangu.

Baba alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Anaishi Milanzi, hapa hapa mjini, na mama, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wake, na watu wote wa pale, pamoja na mama, humwita Mwalimu. Kwake kitabu hakishikwi kabla ya kunawa. Hakikunjwi pembe, hakiandikwi pembeni, na hakilazwi kifudifudi. Kuchana ukurasa ilikuwa kosa la fimbo, darasani na nyumbani, na sisi watoto wake hatukupata punguzo. Methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mwenye macho haambiwi tazama. Aliisema kwa mtoto aliyeuliza jambo ambalo jibu lake liko ubaoni, na mimi niliisikia sana.

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka nilimpelekea. Nilipiga goti na kumpa kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa. Alikaa nacho muda mrefu. Nilikuwa nakwenda Milanzi kila Jumapili baada ya misa, nakula ugali wao, nasubiri. Hatimaye siku moja, akiwa anaosha mikono, akasema, "Kile kitabu nimekisoma. Mwisho wake ni dhaifu."

Basi, ni hayo tu. Nilimpelekea cha pili, akakaa nacho vile vile, akasema mwisho wake ni dhaifu. Cha tatu niliandika sura ya mwisho nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta, si kwa ajili ya wasomaji wala mchapishaji bali kwa ajili ya mzee mmoja wa Milanzi, mpaka nikaichukia kazi yenyewe. Nacho kikawa na mwisho dhaifu.

Nilimchukia baba yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wanaosema mtoto hawezi kumchukia mzazi wake hawajawahi kumpelekea kitabu. Mama muuza maharage pale sokoni aliwahi kuniacha nimesimama na kikapu changu huku akinigombeza kwa sababu nilimuua mhusika aliyempenda. Padri mmoja aliniuliza, baada ya kipaimara cha watoto, kama yule mjane alikuwa anajua tangu mwanzo. Wote hao walikuwa na la kusema. Mtu aliyenifundisha kusoma alikuwa na maneno manne, na alikuwa haongezi hata moja.

Mimi nalipwa kutambua uongo. Wahusika wangu humkamata mtu kwa matope ya kiatuni. Lakini nilikaa miaka kwenye meza ile ya Milanzi na sikutambua kitu. Baba alikuwa ameacha kusoma masomo kanisani, akasema vijana nao wajifunze. Aliacha magazeti, akasema wanasiasa wamemaliza uongo mpya na sasa wanarudia wa zamani, tukacheka. Alianza kutembea na fimbo, akasema mbwa wa Milanzi siku hizi hawana adabu. Na mama, ambaye tangu utotoni mwangu alikuwa mtu wa sauti ndogo, alikuwa amegeuka mpiga mbiu. Mtu akionekana tu kwenye njia, mama alipaza sauti kutoka jikoni: "Mwalimu, mtoto wako wa Chanji huyo anakuja, amebeba kikapu." Nilidhani ni furaha ya kuniona. Hata nilimsema kwa dada zangu kwamba mama anazeeka, anapiga kelele.

Mwaka ule wa safari ya Kasesya, mpakani na Zambia, tulikuwa katika ile baridi ya katikati ya mwaka, upepo wa Ufipa ukivuma kana kwamba una kesi na mtu. Shangazi yangu, mdogo wake baba, ameolewa Kasesya, na alikuwa mgonjwa wa miguu. Baba alitaka kwenda kumjulia hali. Mimi nilitaka kuona malori yanavyokaguliwa mpakani, kwa sababu kitabu changu cha nne kilikuwa na maiti inayovuka kwenda Zambia ndani ya shehena ya mahindi, na sikujua maiti ya namna hiyo inapita vipi. Mama akasema twende pamoja. Alisema kwa haraka, na akanishika mkono kuliko ilivyohitajika. Hilo nalo sikuliona.

Tulipanda lori la mahindi la dereva niliyefahamiana naye. Yeye ni Msukuma, wazazi wake waliletwa na ng'ombe mpaka bonde la Rukwa akiwa bado mdogo, na yeye akaacha ng'ombe akashika usukani. Alisema ng'ombe hawana breki. Alimsalimia baba shikamoo kwa kuinama, akamfungulia mlango, akamwelekeza pa kukanyaga kwa kupiga ngazi ile ya chuma kwa kiganja. Baba akakaa dirishani, mimi katikati. Kutoka Sumbawanga mpaka Matai dereva hakufunga mdomo, na baba alikuwa anamjibu kwa raha, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata.

Kasesya tulikuta malori yamepanga foleni. Mbele kulikuwa na tatizo la mtu na mzigo wake, na wote tukazimishwa injini tusubiri. Bodaboda zilipita katikati yetu zikibeba watu na magunia, kila mmoja anavuka isipokuwa sisi. Nikatoa kitabu changu.

"Dada," dereva akasema, "ukisoma peke yako sisi wengine tufanyeje? Mpe Mwalimu atusomee kwa sauti. Walimu wanasoma vizuri."

Baba akakohoa. "Vumbi hili litanikausha koo," akasema. "Lete nisome kimya, halafu nitawaeleza."

Akanyoosha mkono. Nilimpa huku nikiogopa ataona pale wembe ulipopita. Mwalimu yule anayejua kitabu kwa kukigusa angeona kurasa zimekatwa, na ningechapwa kwa maneno mbele ya Msukuma. Kwa hiyo nilimtazama sana. Alivaa miwani. Akafungua kitabu, akalamba kidole, akageuza. Akalamba tena, akageuza. Aligeuza kwa mwendo mmoja, kama mtu anayesali rozari, bila kurudi nyuma hata mara moja. Sikuwaza lolote. Nilifikiri anapitia tu kwa dharau, na dharau yake nilikuwa nimeizoea. Dereva akashuka kwenda kunywa chai kwa mama lishe, mimi nikakodolea macho malori ya mbele nikiitafutia maiti yangu nafasi.

Dereva aliporudi kitabu kilikuwa kimefungwa juu ya magoti ya baba.

"Mwalimu, umefika wapi?"

"Nimemaliza."

"Chote? Haya, kinahusu nini?"

"Kuna mtu anauawa," baba akasema, "na wengine wanamtafuta aliyemuua."

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wake ni dhaifu."

Kitabu kile hakikuwa na mwisho. Mwisho wake ulikuwa Chanji, ndani ya debe, chini ya kitanda changu.

Halafu nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile sauti ninayowapa wapelelezi wangu, "Dhaifu kivipi, baba?"

"Muuaji ni yule yule uliyemdhani mwanzoni. Askari anamkamata, basi."

Hapakuwa na askari hata mmoja katika kitabu kile. Kilikuwa kisa cha wachimba dhahabu huko porini, na shida yao yote ilikuwa kwamba askari yuko mbali.

Njia ya mwongo ni fupi, nasi tulikuwa tumefika mwisho wake. Nilichukua kitabu mikononi mwake, nikajifanya natafuta kitu humo ndani, kisha nikamrudishia. Nilimrudishia kikiwa kichwa chini miguu juu. Akakipokea, akakifungua, akalamba kidole. Picha ya jalada, mtu mwenye sururu, ilikuwa imening'inia kama popo, na kila aliyepita kando ya lori aliweza kuiona. Baba yangu akageuza ukurasa.

Nilifurahi. Nilifurahi kwanza, kabla ya kuumia, na furaha ile naikumbuka vizuri kuliko maumivu. Miaka yote ile, vitabu vyote vile, na yeye hakuwa amesoma hata mstari. Kisha maumivu nayo yakaja, maana nilielewa kwamba jalada lile alikuwa halioni, na kwamba hata mimi niliyekaa ubavuni mwake alikuwa hanioni.

Dereva aliona. Alimtazama baba, akanitazama mimi, na uso wake ukapoteza ucheshi wote. Akaegemea mbele yangu.

"Mwalimu, samahani, niazime kidogo niione hii picha ya juu."

Akakichukua, akaitazama ile picha kwa heshima, akasema kweli dhahabu ni mateso, na akamrudishia baba kitabu kimesimama sawasawa. Hakuniambia kitu. Mpaka tunashuka hakuniita dada tena. Nilimkasirikia kwa hilo, kwa sababu alifanya jambo lililonipasa mimi, na alilifanya bila kufikiri.

Kwa shangazi tulipokewa vizuri. Miguu yake ilikuwa imevimba lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Baba alikaa naye, wakacheka mambo ya utoto wao kwa Kifipa, na alipotoka nje kuota jua nyuma ya nyumba nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta, uso kwenye jua, macho wazi. Sasa niliona kile ambacho mtu yeyote angekiona kama angetazama. Mboni zake zilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Baba," nikasema, "kile kitabu sura yake ya mwisho ipo nyumbani kwangu. Niliikata kabla hatujaondoka."

Nikasubiri aibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, hata kwa machozi, na nilikuwa na maneno tayari.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimeikata kwa wembe. Huwa nazikata zote."

"Unakata vitabu?"

"Baba, sizungumzii vitabu. Nazungumzia macho yako."

"Mimi nimechapa watoto wa watu kwa kuchana ukurasa mmoja," akasema, na sauti yake ilipanda kama ya darasani, "kumbe jambazi mwenyewe nimemzaa mimi. Kwa wembe? Unakaa chini, unawasha taa, unakata?"

Tulipigana kwa maneno nyuma ya nyumba ile mpaka shangazi akaita kutoka ndani kuuliza kama kuna nyoka. Nilimwambia baba kwamba ameniongopea kwa miaka. Akasema yeye hakuongopa, mwisho wa kila kitabu ni dhaifu, na mtu hahitaji macho kulijua hilo. Nilimwambia kwamba nimekesha nikifuta kurasa kwa ajili ya hukumu ya mtu asiyesoma. Akasema hakuna aliyenituma. Nikamwuliza kwa nini hakusema tu kwamba haoni. Hapo ndipo aliposhusha sauti.

"Cha kwanza nilikianza," akasema polepole. "Nilisoma ule mwanzo, yule mwanamke anafungua duka asubuhi na kukuta kufuli imebadilishwa. Kisha herufi zikaanza kuogelea. Nikasema kesho. Kesho zikaogelea zaidi. Mama yako akasema anisomee, naye unajua kusoma kwake, angemaliza mwaka. Sasa ungekuja na mikono yako miwili ukaniuliza, ningesema nini? Kwamba Mwalimu hajui kusoma?"

Kufuli ilikuwepo. Ni kweli, kitabu changu cha kwanza kinaanza hivyo. Sikutaka hilo linilainishe, na nilijizuia kwa nguvu zangu zote.

Nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Kaka yake mkubwa, alipoanza kutoona, alitiwa dawa machoni na mtu fulani wa kule bondeni aliyesifiwa sana, na kilichobaki cha macho yake kikaisha kwa mchana mmoja. Baba ndiye aliyemshika kichwa siku ile. Nilimweleza kwamba hospitali si yule mtu wa bondeni. Akasema wote wana mikono. Nikamwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Akasema methali zote hizo mimi nimezipata kwake, nisimrudishie chakula chake.

Basi nikafanya wanachofanya wahusika wangu wabaya. Nilimtisha. Nilimwambia kwamba asipokwenda, Jumapili nitasimama mlangoni mwa kanisa na kumwambia kila anayempa mkono kwamba Mwalimu anasoma vitabu kichwa chini miguu juu. Nilimweleza hata jinsi alivyokishika pale kwenye lori, na kwamba dereva aliona.

Uso wake ulibadilika. Nadhani aliweza kustahimili yote isipokuwa dereva.

"Una roho mbaya, mama," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Nimeirithi," nikasema.

Alikwenda. Hakunisemesha njia nzima ya kurudi Sumbawanga, na siku ya hospitali alimsemesha mama tu, mimi akiniita huyu. Daktari alimulika macho yake, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba tumechelewa lakini mlango haujafungwa. Walianza na jicho la kulia. Mama alikaa nje kwenye benchi akiziba mdomo kwa kitenge. Aliniambia alijua tangu mwanzo, na kwamba alikuwa amekatazwa kusema, na kwamba kule kupaza sauti kulikuwa kumemchosha koo. Nilitaka kumgombeza naye, lakini nikaona siku ile nimeshagombana vya kutosha.

Bandeji ilipotolewa baba alitazama ukuta, akamtazama mama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Umezeeka," akasema.

Jicho la kushoto nalo lilipopona, na yeye akanunuliwa miwani mpya, nilimpelekea tena kitabu changu cha kwanza. Sikupiga goti safari hii. Nilikiweka juu ya meza, kando ya sahani yake, na kurudi Chanji. Na nilikuwa nimekikata sura ya mwisho.

Sitajitetea kwa hilo. Nilitaka kujua. Kama atasema mwisho wake ni dhaifu, nitajua kwamba hakuwa ameficha upofu tu, bali hakutaka kunisoma, na kwamba angekuwa na macho ya tai bado asingenisoma. Nilikuwa nimeamua kwamba siku atakayosema hivyo nitaacha kwenda Milanzi, nitamtumia mama mahitaji yake kwa mtu, na yeye nitamwona kwenye misiba. Niliyasema hayo kwa sauti, peke yangu, nikiosha vyombo. Na nilimaanisha.

Siku zikapita. Niliuliza kwa mama kwenye simu, kwa kuzunguka, nikianza na mahindi na kuku. Mama akasema Mwalimu anakaa ukutani juani na kitabu, amenawa mikono, na mtu akipita anamsalimia anajibu bila kuinua kichwa. Akasema siku moja uji wake wa ulezi umepoa mpaka ukafanya ngozi. Anasoma kama mahakama nzima na kufoka peke yake, mama akasema. Nilimwuliza anafoka nini. Mama akasema sijui, anamfokea shemeji.

Kuna shemeji katika kitabu kile. Nilikata simu kabla sijauliza zaidi.

Kitabu cha nne hakikusogea. Maiti yangu ilikaa Kasesya kwenye foleni, haivuki wala hairudi. Nilikuwa nagombana na mchapishaji, na jirani anayechoma takataka, na mwanamke anayeniuzia maziwa. Nilifika hata kuwaza kwenda Milanzi usoni kwake na kumwambia aseme hukumu yake nimalizane naye. Sikwenda kwa sababu niliogopa. Nilikuwa sijawahi kumwogopa namna ile hata alipokuwa na fimbo ya darasani, maana sasa alikuwa na macho.

Alikuja mwenyewe, asubuhi ya upepo mkali, wakati nafagia uani. Nilimwona kwenye njia kabla hajaniona, kisha nikakumbuka kwamba sasa pengine ameniona kabla yangu. Alikuwa ametembea kutoka Milanzi kwa miguu. Koti lake lilikuwa limejaa vumbi mpaka kwenye kola. Hakuwa na ile fimbo ya mbwa. Chini ya kwapa alikuwa amebana kitabu changu, amekifunga kwa gazeti, kama alivyotufundisha kufunga madaftari.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Baba yangu, ambaye angeacha kuitikia shikamoo kwa sababu ya kifo tu, alipita mbele yangu na kusimama mlangoni mwangu.

"Iko wapi?" akasema.

"Iko wapi nini?"

"Usinifanye mtoto. Yule shemeji ameingia dukani, ameona kufuli, amemgeukia yule mwanamke, na kitabu kimekwisha. Nimetafuta kitandani. Nimemfanya mama yako atikise mashuka. Halafu nikapitisha kidole hapa kwenye mgongo." Akakifungua kitabu na kunionyesha pale wembe ulipopita. "Sikulala. Mzee kama mimi nimekaa macho usiku nikiwaza kufuli."

"Karibu ukae kwanza, baba. Chai ipo."

"Sitaki chai. Ni yeye? Ni yule shemeji, au ni yule mwanamke mwenyewe?"

Nilifagia tena pale pale nilipokuwa nimeshafagia.

"Mama," akasema, "nakuuliza."

"Wewe ulisema mwisho wake ni dhaifu."

Upepo ulikuwa unapiga mabati juu yetu. Alinitazama kwa yale macho yake mapya, ambayo bado yalikuwa yanatoa machozi kidogo kwenye mwanga, na nikaona kwamba angeweza kunizaba kofi, na kwamba angeweza pia kuniomba.

"Lete kurasa zangu," akasema.

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikaingia ndani, nikapiga magoti kulivuta debe. Nilimsikia nje amemwita jirani yule wa takataka, anamwomba maji ya kunawa mikono.